Ombi la Kulaumiwa Rasmi kwa Kivuko Kinachoishia Mtaroni

Kwa Mheshimiwa Meya,
Ofisi Kuu ya Jiji,
Ghorofa ya tatu, mlango wenye zulia.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa vizuri na chai iko karibu. Sisi huku mtaani hatujambo, isipokuwa mkono wa kushoto wa mama mkwe wangu, ambao ndio umenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mchora mabango. Mtaani wananiita Brashi, na hata barua za shule ya wanangu huja kwa jina hilo. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayokaa. Mke wangu ana cherehani yake upande wa dirishani, mimi nina ukuta uliobaki. Kama umewahi kupita mahali ukasoma USITUPE TAKA HAPA, ukajiambia kwamba mbona onyo hili lina herufi nzuri hivi, hiyo ni kazi yangu. Taka zilizokuwa chini yake si zangu.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa, nimelipeleka katika ofisi tatu za jiji lako, na hakuna hata moja iliyokubali kulipokea. Najua unapata barua nyingi za wananchi wanaotaka viongozi wawajibike. Hii ni tofauti kidogo. Nataka kuwajibishwa mimi. Wewe nitakufikia mwishoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu lami.

Zamani barabara yetu ilikuwa na mashimo na magari yalipita kwa adabu. Mlipoweka lami tulipiga makofi, nami nilipiga kuliko wote. Tangu siku hiyo magari yanateremka pale kama yamesikia nyumbani kunaungua. Tuliomba kivuko. Tuliomba tuta. Tuliomba hata askari asimame tu pale, asifanye lolote. Tukajibiwa kwamba maombi yetu yanafanyiwa kazi, na naamini bado yanafanyiwa.

Kisha jirani yangu fundi viatu, anayekaa upande wa pili wa barabara, akagongwa saa nne asubuhi akimletea mke wangu kiatu alichokuwa amekishona soli. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nilipanda naye nyuma ya pikapu mpaka hospitali. Tulipofika muuguzi aliniambia niweke kile kiatu chini ndipo nitie sahihi. Sikujua kwamba nilikuwa nimekishika njia nzima.

Nilipokwenda kumtazama kesho yake, fundi viatu, mguu wake ukiwa umening'inizwa hewani, akasema, "Si wewe ni mchoraji? Chora basi."

Jumapili iliyofuata, alfajiri, kabla magari hayajaamka, nilitoka na rangi nyeupe iliyobaki kwenye kazi ya ukuta wa shule. Nikachora mistari kumi. Ilinyooka, Mheshimiwa. Sijawahi kuchora kitu kikanyooka vile.

2. Kuhusu tamaa yangu.

Hapa nitasema ukweli, kwa sababu nimeshajaribu kuusema kwingine haukutakiwa. Upande wa pili wa barabara kuna mtaro wa maji ya mvua, kina chake kinafika kifuani mwa mtu mzima. Mtaro huo uko wazi. Mfuniko wa zege uko sehemu moja tu, mbele ya duka la dawa, hatua kumi na mbili kutoka usawa wa mlango wangu. Mtu yeyote mwenye akili timamu angechora kivuko pale. Nilisimama pale pale na kamba yangu ya kupimia.

Kisha nikawaza. Kila anayevuka hapa atafikia mlangoni kwa mwenye duka la dawa, ambaye bango lake limechapishwa na mashine kwenye plastiki. Lakini akivukia mlangoni kwangu, atasimama kungoja magari, na mtu anayengoja magari husoma. Nikaisogeza kamba hatua kumi na mbili. Nikajiambia watu wana macho.

3. Kuhusu mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na anadai madiwani wako wawili walizaliwa wakimpigia kelele yeye. Alikuja kututembelea kwa siku mbili. Jumanne mchana akatoka mlangoni kwetu kwenda kununua dawa zake za presha, nami nikatoka kumsindikiza kwa macho, nikiwa nimeshika kiuno kama mkandarasi.

Lori la mchanga likasimama. Katika mtaa wetu lori halijawahi kusimama ila limeishiwa mafuta. Mama akavuka bila haraka, mkoba kwapani. Alipofika mstari wa mwisho akageuka kumshukuru dereva, akainua mkono kwa heshima zote, akarudi nyuma hatua moja, akatoweka.

Nilidhani ameinama kuokota kitu. Nakiri kwamba nilikuwa bado natabasamu. Nilipofika ukingoni nilimkuta amesimama mtaroni, mkono wa kushoto ameukumbatia, kilemba kimeteleza, akanitazama kutoka kule chini bila hasira yoyote.

"Nimevuka salama, mwanangu," alisema. "Sasa nitoe."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Plasta, wiki sita. Mke wangu akakata kauli kwamba mama asiende popote, akae kwetu. Kwa kuwa sebule yetu ndiyo karakana yangu, kwa wiki sita nimekuwa nikichora nikiwa nimempa mgongo mtu niliyemvunja mkono.

4. Kuhusu ofisi zako kukataa kosa langu.

Siku ya tatu nilivaa shati nililofungia ndoa nikaenda kujisalimisha.

Idara ya Barabara nilimkuta bwana mmoja mwenye miwani. Alitandaza ramani mezani, akaifuata barabara yetu kwa kalamu kutoka juu mpaka chini, akasema hapo hakuna kivuko. Nikamwambia kipo, nimekichora mimi, tena kimekaa vibaya. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, kwamba kitu ambacho hakimo kwenye ramani hakiwezi kumwangusha mtu. Akaniomba nifunge mlango nikitoka, upepo unapeperusha karatasi.

Idara ya Mitaro walikubali kwamba mtaro ni wao, nikafurahi sana. Ndipo dada wa mapokezi akauliza mama aliingia mtaroni akitokea wapi. Nikasema barabarani. Akasema basi huyo ni mtu wa barabara, na ataendelea kuwa wa barabara mpaka atakapotoka mtaroni. Hata hivyo walimtuma mkaguzi. Nikamwonyesha jinsi mama alivyogeuka, alivyoinua mkono, alivyorudi nyuma hatua moja. Mimi nikionyesha kitu hukionyesha chote, Mheshimiwa. Nikiwa kule chini nikasikia kalamu yake inaandika. Ripoti nimeisoma. Inasema mwananchi aliingia mtaroni kwa hiari yake akiwa na afya njema.

Kituo cha askari wa barabarani, afande alinipa mkono wa pongezi. Akasema tangu kivuko kionekane hakuna mtu aliyegongwa pale. Hilo ni kweli, na ni jambo pekee katika habari hii linalonipa usingizi. Nikamwambia hawagongwi, wanaanguka. Akafungua daftari akanionyesha safu zake: kugongwa, kupinduka, kugonga na kukimbia. Safu ya kuanguka haimo. Akaniambia mtu akishafika mtaroni ameshatoka kwenye daftari lake.

Nimepigwa danadana maisha yangu yote, Mheshimiwa, nikidai haki. Sikujua mtu anaweza kupigwa danadana akidai lawama.

5. Kuhusu uzinduzi.

Wiki ya tatu afisa habari wako alikuja dukani kwangu. Alitaka bango kubwa, maneno haya: KIVUKO HIKI NI MATUNDA YA UONGOZI UNAOJALI. KIMEZINDULIWA NA MHESHIMIWA MEYA. Nilimtoa nje, mama asisikie, nikamweleza kwamba kivuko nilikichora mimi, na nilikichora mahali pabaya. Alicheka, akasema wasanii tuna utani, akaomba herufi ziwe nyekundu.

Hapa ndipo ningeiweka brashi chini. Sikuiweka. Nilichagua herufi nono zenye kivuli cha dhahabu, na nilikaa asubuhi nzima nikinyoosha mguu wa K. Ni bango zuri kuliko yote niliyowahi kuchora na halina neno la kweli hata moja, jambo ambalo mke wangu alilisema, mama akiwa amesinzia, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Ulikuja Alhamisi, na ulipendeza. Ulivuka mbele ya kamera, ukafika mstari wa tisa, ukatazama chini, ukatabasamu, ukageuka. Mpaka leo wewe ndiye mtu pekee aliyekitumia kivuko kile bila kufika ng'ambo. Kisha ukauliza kwa sauti ni nani hasa aliyefanya kazi hii. Maafisa saba wakasogea mbele kwa pamoja mpaka wakakanyagana. Nami niliinua mkono kule mlangoni kwangu. Ulidhani nakupungia. Ukanipungia.

6. Kuhusu kuzuiwa kurekebisha.

Baada ya hapo nilipiga moyo konde. Nikatoka na mafuta ya taa na brashi ya waya, nikifute kivuko na kukihamishia mbele ya duka la dawa. Nilikuwa nimefika nusu ya mstari wa kwanza nilipohisi mkono begani. Alikuwa afande yule yule. Akanieleza kwamba kuchora kivuko bila kibali halikuwa kosa kwa sababu hakuna aliyejua, ila kukifuta ni kuharibu mali ya jiji iliyokwisha kuzinduliwa. Kwa hiyo mbele ya sheria hali yangu ni hii: kwa kosa nililotenda sina hatia, na nikilisahihisha nitafungwa.

Fundi viatu, ambaye sasa anatembea kwa magongo, alileta ubao mpana tukaulaza juu ya mtaro. Ulikaa siku nne. Idara ya Mitaro wakaja kuuchukua kwa maelezo kwamba unazuia maji. Mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Kwa hiyo siku hizi watu wanavuka, wanasimama mstari wa kumi, wanageuka kushoto, kisha wanatembea ukingoni kwa safu moja hatua kumi na mbili mpaka kwenye mfuniko wa zege. Wazee wanashikana mikono. Mwalimu wa shule ya msingi huwahesabu watoto wake wakiwa upande huu, kisha huwahesabu tena upande ule. Nimemtazama akihesabu. Midomo yake hutikisika, na akifika mtoto wa mwisho hufumba macho kidogo. Mvua zikianza ule ukingo utateleza na mtaro utajaa. Hapo sifanyi mzaha.

7. Kuhusu lile ambalo sijalisema.

Mama mkwe amesoma bango. Anaamini kivuko ni chako. Kila asubuhi akimaliza chai hutazama nje kupitia mlango, huuliza, "Hivi huyo aliyepima pale alikuwa na akili gani?" Nami hujibu kwamba sijui, mama. Kisha huanza kukusema wewe, kwa cheo chako kamili na kwa maneno ambayo mkunga hujifunza kazini.

Anasema hadai chochote. Hataki maua wala picha. Anataka mtu mmoja tu aje, aketi mbele yake, aseme, "Ni mimi, mama." Akishasema hivyo atamkaribisha chai. Huniambia hayo nikiwa nimeketi mbele yake, nakunywa chai yake.

Utauliza kwa nini sijamwambia. Nimelifikiria sana. Nimeona si utaratibu mzuri mwananchi kukiri kwa mama mkwe kabla ya kukiri mbele ya mamlaka husika. Ingekuwa kuruka ngazi. Nataka nimwendee nikiwa na karatasi yenye nembo ya jiji na mhuri, inayosema kwamba baada ya uchunguzi wa kina imebainika ni mimi. Hapo nitaisoma kwa sauti, na nadhani nitafika mwisho, kwa kuwa nitakuwa nasoma tu. Mke wangu, anayejua yote, amelizungumzia mara moja. Alisema, "Mwambie kabla plasta haijatolewa." Plasta inatolewa Ijumaa hii.

Kwa hayo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Niitwe ofisini kwako, nisomewe kosa langu, nikubali. Nitakuja na shati lile lile.

(b) Bango liongezwe mstari mmoja chini: KIMEPIMWA VIBAYA NA BRASHI. Nitauandika mwenyewe, kwa herufi nono zile zile, ili asije akasema mtu kwamba lawama imeandikwa kwa herufi ndogo.

(c) Kivuko kisogezwe hatua kumi na mbili. Ikishindikana, usogezwe mtaro. Ikishindikana, lisogezwe duka la dawa. Idara itakayokubali kwanza ndiyo ianze.

(d) Iwapo jiji halina fomu ya kumlaumu mtu, na nimeulizia hakuna, ianzishwe Idara ya Lawama. Itahitaji chumba kimoja na afisa mmoja ambaye kazi yake ni kumsikiliza mwananchi mpaka mwisho na kusema, "Ni sisi." Asiseme zaidi ya hapo, maana hapo ndipo wengi huharibu. Naiomba nafasi hiyo. Uzoefu ninao wa wiki sita.

(e) Ukishaona nimelaumiwa na sikufa, nawe ujaribu. Anza na kitu kidogo. Mfuniko wa mtaro, kwa mfano. Usimame mstari wa kumi, utazame chini kwa muda unaotosha, useme mfuniko huu ulikuwa uwekwe, haukuwekwa, na wa kuuweka nilikuwa mimi. Nitasimama kando yako. Najua uzito wa maneno hayo, kwa sababu nimeyasema katika ofisi tatu, na huko kote waliokuwa mbele yangu walikuwa watu wasiotaka kunisikia.

Nimalizie hapo nisikuchoshe. Nisalimie maafisa wote saba waliosogea mbele, pamoja na bwana wa ramani, mwambie mlango niliufunga. Msalimie mkaguzi wa mitaro, na afande, na dada wa mapokezi. Mke wangu anakusalimu. Fundi viatu anakusalimu kwa gongo la kulia. Salamu za mama mkwe sitaziandika.

Ni mimi, niliyepima,
Brashi,
mchora mabango.

Nyongeza:

Baada ya kutia sahihi nilikwenda kwa jirani kutafuta bahasha. Nimerudi nimemkuta mama mkwe ameisoma barua hii, ameilaza juu ya plasta, miwani puani, kidole kipo kwenye lalamiko la pili. Aliendelea kusoma mpaka mwisho nikiwa nimesimama mlangoni. Akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akaniuliza taratibu, "Ni wewe uliyepima?"

Mheshimiwa, hilo ndilo swali nililolizungukia ofisi tatu nikiomba niulizwe. Jibu lake ni maneno mawili. Nikafungua mdomo, nikausikia ukisema kwamba asubuhi ile kulikuwa na ukungu, kwamba kamba haikuwa yangu, ilikuwa ya kuazima, na kwamba masuala ya vipimo kwa kawaida hushughulikiwa na Idara ya Barabara.

Amevua miwani, ananitazama. Mke wangu amesimamisha cherehani.

Kwa hiyo tafadhali yapuuze maombi yangu yote kuanzia (a) hadi (e). Nina ombi moja tu, na naomba unijibu leo hii kwa mkono wa mtu yeyote anayekuja upande huu. Wewe una uzoefu wa miaka mingi. Mtu akishayasema maneno kama hayo, na aliyemuuliza bado yupo pale pale anamtazama, huwa anafanya nini baada ya hapo?